Mali Bila Daftari: Kazi kwa Vijana Wetu, Mgodi Uje Usije

Mada iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu. Imechapwa kwa maombi ya wanachama ambao hawakuweza kufika.

 

Kamati imenipa dakika 20 nizungumzie ajira kwa vijana wetu. Imenitaka pia nieleze bila kuzunguka kwa nini mchango wa mwaka huu unaelekezwa kwenye karakana, wakati wanachama kadhaa walipendekeza tujenge nyumba ya wageni. Waliotoa pendekezo hilo wanaipenda nyumbani kama ninavyoipenda mimi, na hoja yao ina uzito. Nitaijibu kwa heshima, lakini nitaijibu.

Wanasema hivi: nikeli ya Kabanga inakuja. Wahandisi watakuja, madereva watakuja, watahitaji mahali pa kulala na kula. Tujenge sasa, tuwahi.

Ndugu zangu, nikeli ile imejulikana tangu miaka ya 1970. Kijana aliyekuwa darasani wakati watafiti wa kwanza wanachimba sampuli, leo ni babu. Tangu wakati huo kampuni zimekuja, zikatoboa miamba, zikaandika ripoti, zikaondoka, zikaja nyingine. Januari 2021 Serikali ilisaini makubaliano na wawekezaji, ikapata hisa za asilimia 16, kampuni ya Tembo Nickel ikaundwa, na kiwanda cha kusafisha madini kikapangiwa Kahama. Tunauombea mradi huo heri, na mimi ni wa kwanza kuuombea. Lakini kuuombea heri ni jambo moja, na kuweka fedha za wajane na za vijana wetu juu yake ni jambo jingine.

Kwa hiyo ninaleta swali moja tu, nalo ndilo nitakalopimia kila kitu leo: mgodi ukichelewa miaka 10 zaidi, au ukifunguliwa halafu siku moja ukafungwa, kazi tunayoianzisha itaendelea kumlisha kijana wetu?

Swali hili hatulitoi vitabuni. Ngara imeshaona neema ya kuja na kuondoka. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa kama siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda. Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa ikijenga barabara, ikageuka kuwa moja ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Mashirika yakaja na magari yao meupe. Vijana wakaajiriwa udereva, ulinzi, ukarani, ukalimani na uuguzi. Mahindi, ndizi na mkaa vikapata bei. Miti nayo ikakatwa kwa kasi ambayo vilima vyetu havijaisahau.

Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudi kwao. Ndugu zetu wa Burundi walibaki Lukole kwa miaka mingine kadhaa, kisha kambi hiyo nayo ikafungwa. Magari meupe yakaondoka kama yalivyokuja, na vibanda vilivyofunguliwa kwa ajili ya wageni vikawafuata wageni.

Kilichobaki ni nini? Vilibaki visima vilivyotunzwa. Yalibaki baadhi ya majengo na barabara. Na ulibaki ujuzi: aliyejifunza kufungua injini na kuifunga tena alibaki nao mikononi. Aliyejifunza kutunza stoo na kuandika hesabu alibaki nao kichwani. Aliyekuwa na kibanda cha kuwauzia wageni alibaki na mabati. Naomba tuliweke hilo moyoni, maana tutalirudia.

Sasa twendeni pwani kidogo, Tanga. Nawapeleka huko kwa sababu Tanga ni mji wa viwanda uliowahi kuanguka, na katika kuinuka kwake limo somo letu.

Tanga ilisimama juu ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, na kutokana na hiyo yakatokea mashamba yaliyojaza mkoa mzima. Kufikia 1964 nchi yetu ilizalisha tani zipatazo 230,000 kwa mwaka na kuongoza duniani. Reli, bandari, nyumba za wafanyakazi, vyote vilifuata katani. Halafu kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba yakadorora, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya ule wa zamani. Mji uliotegemea zao moja ulijikuta na mabohari matupu.

Hapo katikati Serikali ilijaribu kuupa mji viwanda vingine. Nitavitaja viwanda viwili, mvilinganishe wenyewe.

Cha kwanza ni kiwanda cha mbolea, kilichoanza mwaka 1972. Kilikuwa kikubwa na cha kisasa kwa wakati wake, na wakulima wa nchi nzima walikihitaji. Tatizo lake lilikuwa malighafi: kwa sehemu kubwa ililetwa na meli kutoka nje na kulipiwa fedha za kigeni. Fedha za kigeni zilipoadimika, kiwanda kikakosa chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilifungwa.

Cha pili ni cha maziwa. Hiki hakikuanza na jengo, kilianza na ng'ombe. Katika miaka ya 1980 ulianza mradi wa Serikali yetu na Uholanzi wa kuwasaidia wafugaji wadogo. Utaratibu wake mnaufahamu: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Mtu anapewa mtamba, anajengewa uelewa wa banda na malisho, na mtamba akizaa jike, ndama huyo anakwenda kwa jirani. Wafugaji wakaunda vyama, vyama vikaunda ushirika wa mkoa, vikafunguliwa vituo vya kukusanyia maziwa vyenye matangi ya kupoozea. Kiwanda cha Tanga Fresh kilikuja baadaye, katika miaka ya 1990, maziwa yakiwa tayari yapo na wenye maziwa wakiwa tayari wamejipanga, na ushirika wao ukawa na hisa ndani yake. Leo maziwa yale yanauzwa hadi Dar es Salaam.

Mmeona tofauti? Kiwanda cha kwanza kilisubiri meli. Cha pili malighafi yake ilikuwa uani, nyuma ya nyumba ya mtu, na kila asubuhi ilikuwapo.

Mkonge wenyewe nao uliangaliwa upya. Katika jani la mkonge, nyuzi ni chini ya asilimia 5 ya uzito, na mengine yote yalikuwa yakimwagwa kama taka. Mwaka 2008 pale Hale ulizinduliwa mtambo unaotumia taka hizo kutengeneza gesi na umeme. Watu walipita kwenye taka zile kwa karibu miaka 100 kabla ya kuzihesabu kama mali.

Sitaki kuwadanganya kwamba Tanga imepona kabisa. Viwanda kadhaa havikurudi, na waliopoteza kazi hawakungojwa na mtu. Bandari imeongezwa kina na magati yamepanuliwa, na bomba la mafuta kutoka Uganda limepangwa kuishia Chongoleani, lakini hizo ni kazi za dola, fedha zake si za chama cha watu wa nyumbani. Ninachowaomba mchukue Tanga ni kile kilicho saizi yetu: ng'ombe, ndama kwa jirani, na tangi la kupoozea.

Nikirudi jirani zaidi na sisi, Kahama wengi mnaijua. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ulifikia mwisho wake mwaka 2021. Miaka 12 tu, ndugu zangu. Mtoto aliyezaliwa siku mgodi ulipoanza hakuwa amemaliza shule ya msingi mgodi ulipokwisha. Hapo mamlaka zilifanya jambo la busara: badala ya kuacha uwanja wa ndege, nyumba, maji na umeme vifunikwe na nyasi, eneo lilitengwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi ili viwanda vingine viingie. Biharamulo nako, mgodi wa Tulawaka ulianza mwaka 2005, na ilipofika 2013 mwekezaji wa kwanza aliondoka, ukachukuliwa na STAMICO kupitia STAMIGOLD. Migodi hii haiko ulaya. Iko barabarani kwetu, na yote inatuambia neno moja: mgodi una umri, na umri wake ni mfupi kuliko wa mjukuu wako.

Basi tuhesabu vya kwetu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tuna mali, daftari hatuna. Naomba nianze kurasa zake za kwanza hapa hapa.

Ukurasa wa kwanza ni umeme. Si miaka mingi iliyopita Ngara na Biharamulo ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na taa zilizimika mafuta yalipokwisha. Leo kituo cha Rusumo kina mitambo mitatu ya jumla ya megawati 80, zinazogawanywa sawa kati yetu, Rwanda na Burundi. Lakini umeme wenyewe si kazi. Jinja ya Uganda ina bwawa tangu 1954, ilikuwa ndiyo mji wa viwanda wa nchi ile, na bado iliona viwanda vyake vikidhoofika huku nyaya zikipita juu kwenda kwingine. Umeme unakuwa kazi pale unapoingia kwenye mashine iliyo na mtu anayejua kuitumia. Kwetu bado unaishia kwenye balbu, simu na redio.

Ukurasa wa pili ni mpaka. Rusumo kuna kituo cha huduma kwa pamoja tangu 2016, na Kabanga tunapakana na Kobero. Sheria za Afrika Mashariki zinamruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa iliyozalishwa ndani ya jumuiya na iliyomo katika orodha iliyokubaliwa, kupata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani na kuvusha bila ushuru wa forodha. Mama zetu wangapi wanakijua cheti hicho? Wengi bado wanapita njia za panya wakiwa na mzigo ambao ungepita mlango wa mbele.

Ukurasa wa tatu ni shamba: ndizi, maharage, mahindi, mihogo, kahawa na asali. Tumepigwa na mnyauko wa migomba, ni kweli, lakini bado tunavuna. Tunauza vikiwa vibichi, kwa bei ya anayekuja na lori, kwa sababu hatuna mashine ya kukoboa iliyo nzima wala fundi wa kuitengeneza siku inapoharibika msimu ukiwa umepamba moto.

Ukurasa wa nne ni mafundi. Hapa ndipo daftari lina pengo kubwa. Tunao waashi, maseremala, wachomeleaji, mafundi pikipiki na mafundi cherehani ambao kazi yao inaonekana kwa macho, lakini hawana cheti, hawana namba ya mlipakodi, na hawaonekani popote penye karatasi. Shule na vituo vya afya vinajengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kwa kutumia mafundi wa kawaida. Milango, madirisha, madawati na vitanda vinahitajika. Lakini manunuzi ya umma sasa yanapita katika mfumo wa NeST, na fundi ambaye hajajisajili humo anabaki kutazama lori likishusha madawati yaliyotengenezwa wilaya nyingine, kwa mbao ambazo pengine zilitoka kwake.

Ukurasa wa tano ni sisi tuliomo ukumbini. Humu wamo wahasibu, walimu, wauguzi, madereva wa malori ya masafa, watu wa benki na watu wa halmashauri. Kila mmoja wetu ni mali ambayo haijaandikwa.

Sasa nalileta lile swali kwenye meza. Nyumba ya wageni: mgodi ukichelewa miaka 10, vyumba vitalala vitupu, na anayelipwa ni mlinzi mmoja na mfagiaji mmoja. Mgodi ukija, wenye mitaji mikubwa watajenga nzuri kuliko yetu ndani ya mwaka. Haivuki mtihani.

Karakana: mgodi ukichelewa, shule bado zinahitaji madawati, wakulima bado wanahitaji mashine za kukoboa na kusaga zitengenezwe, bodaboda bado zinaharibika, na ng'ambo ya mpaka bado wananunua milango. Mgodi ukija, kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinataka bidhaa na huduma zinazopatikana nchini zipewe kipaumbele. Kipaumbele hicho hakimfuati mtu nyumbani, kinamkuta aliye na usajili, risiti na kazi isiyobadilika ubora. Mgodi hauwezi kununua trei tano za mayai leo na kesho ukaambiwa kuku wamegoma. Na siku mgodi utakapofungwa, fundi wetu ataondoka na mikono yake, kama yule aliyejifunza injini enzi za Benaco.

Karakana tunayoiombea mchango ni ya kawaida kabisa. Jengo moja lenye paa refu na sakafu ya zege. Umeme wa njia tatu. Mashine mbili za kuchomelea, randa na msumeno wa umeme, kompresa, na meza ya cherehani upande wa pili. Stoo yenye kufuli na daftari. Msimamizi anayelipwa. Mafundi wetu waliopo ndio watakaokuwa walimu, na kila fundi atakayepata nafasi ndani atachukua vijana wawili wa kuwafundisha, wa kike wakiwemo. Kijana akihitimu, atalipa kama wafugaji wa Tanga walivyolipa: atamfundisha mwingine. Ndama anakwenda kwa jirani.

Pamoja na karakana, kamati inaomba kibali chenu tufanye mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. La kwanza ni kuandika daftari la mafundi kijiji kwa kijiji, kisha kuwapeleka kwenye utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, wapate vyeti. La pili ni kuwasaidia kujisajili TRA na kwenye NeST, na hapa wahasibu mliomo humu naomba msijifiche nyuma ya viti. La tatu ni kuwaunganisha katika vikundi vinavyostahili mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 usio na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Kikundi kisicho na katiba wala akaunti hakitaiona.

Najua linaloulizwa kimya kimya: fedha zetu zitatunzwaje? Ni swali halali, na chama kinachoogopa swali hilo hakifai kuchangiwa. Kamati imekubali kwamba ununuzi wa kila mashine utasainiwa na watu watatu, mmoja akiwa mkazi wa Murusagamba asiye mjumbe wa kamati, na kwamba hesabu zitabandikwa ukutani karakana kila baada ya miezi mitatu na kuchapwa katika kijarida cha mwaka ujao. Msipoziona humo, msichangie tena.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Asiye na fedha aandike siku za kazi. Mwenye lori aandike safari moja ya saruji. Mwenye msumeno wa umeme uliolala stoo Kimara kwa miaka mitatu, aandike msumeno. Mwenye mti wa mbao shambani aandike mti, na tutaulipia kwa dawati litakaloandikwa jina la shule aliyosoma. Kila kitakachoahidiwa kitaingia daftarini, kikubwa na kidogo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mgodi hata nduguye si wetu, ni mgeni. Mgeni tutampokea kwa mikono miwili. Lakini tumpokee tukiwa kazini.

 Mungu aibariki Murusagamba, na wote wanaoikumbuka wakiwa mbali.